Sheria Ifike Mlangoni mwa Duka

Barabara itokayo Kolandoto kwenda Mwanhuzi hupita Lalago, katika Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu. Kama ilivyo katika miji midogo mingi ya Usukuma, maduka ya hapo yana baraza zilizoinuliwa juu ya ardhi, na mwenye kutaka kuingia hupanda ngazi mbili au tatu. Hakuna aliyezijenga baraza hizo kwa kiburi. Udongo wa mbuga ni mweusi na mzito. Mvua inyeshapo maji hayazami upesi, na mwenye duka asiyeinua sakafu yake aweza kuamka asubuhi akaukuta unga wake umelowa. Kwa hiyo baraza ile ni jambo la busara. Lakini busara ya mtu mmoja yaweza kuwa kizuizi cha mwingine, na hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Tumtazame mtu atembeaye kwa magongo, au yule aendeshaye baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono yake, siku ya mnada. Afika mbele ya duka, asimama chini juani, aita. Mwenye duka, ambaye mara nyingi si mtu mbaya, amtuma mtoto ashuke akapokee fedha. Mtoto apanda, kisha ashuka na kifurushi. Mteja yule hakuiona mizani. Hakukishika kitambaa akakipima uzito wake kwa vidole. Hakulinganisha bei ya sabuni hii na ile. Kila anunuacho hukinunua kwa macho ya mtu mwingine, na akipunjwa hana la kusema, maana mambo yote yalifanyika ndani naye alikuwa nje.

Hilo ni la sabuni. La fedha ni zito zaidi. Siku hizi wakulima na wafugaji wengi hutuma na kupokea fedha kwa simu, na wakala hukaa nyuma ya meza au dirisha lililo juu ya baraza. Asiyeweza kupanda humpa mwingine simu yake pamoja na namba ya siri. Namba iliyotajwa kwa sauti barabarani si ya siri tena, na aliyeitaja hakufanya uzembe. Alilazimishwa na ngazi tatu za saruji. Mtu aliyelima pamba tangu mvua za kwanza mpaka mavuno, akaipalilia na kuichuma, anastahili kuzihesabu fedha zake mwenyewe.

Nchi yetu haina upungufu wa sheria juu ya jambo hili. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Mwaka 2004 ikatoka Sera ya Taifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwezi Desemba 2006. Tanzania iliutia sahihi mwaka 2007 na kuuridhia mwaka 2009. Ndipo mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka huo, ambayo inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuyafikia majengo na huduma zitumiwazo na umma bila ya vizuizi. Kanuni zake zikafuata mwaka 2012. Na mtu asidhani kwamba habari hii yahusu ofisi za Serikali peke yake. Mkataba ule, katika ibara yake ya tisa, wawataja pia watu binafsi na makampuni yafunguayo milango yao kwa umma. Yaani duka, hoteli, nyumba ya wageni, benki, kituo cha mafuta.

Jambo moja tulilolibadilisha upesi ni maneno. Zamani magazeti ya Kiswahili yaliandika “vilema” na “viwete”. Leo twaandika “watu wenye ulemavu”, nao wametolewa katika ngeli ya vitu wakaingizwa katika ngeli ya watu. Ni vyema, na tusirudi nyuma. Ila mabadiliko ya maneno hayahitaji saruji, na huenda ndiyo sababu yalitangulia.

Wako watakaosema kwamba hawa ni watu wachache, na kwamba mwenye duka hawezi kujengea mteja mmoja ambaye huja mara moja kwa mwezi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu kwamba katika Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Hatutaki kuipigia hesabu Lalago kwa kipimo cha taifa zima, maana kila mahali pana hali yake. Lakini mtu mmoja katika kila tisa hawezi kuitwa mchache. Tena hesabu hiyo haisimami. Mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili vya polio katika nchi yetu alipatikana mwaka 1996, nasi twamshukuru kila muuguzi aliyetembea na sanduku la barafu toka kijiji hadi kijiji. Lakini mahali pa polio pameingia ajali za pikipiki, na kisukari kikatacho watu miguu, na uzee ambao haumruki mtu ila afaye mapema. Mwenye duka aliye kijana leo, akijaliwa umri, atakuja kuishika nguzo ya baraza yake mwenyewe akitafuta pa kuweka mguu. Na kwamba mteja huyo huja mara moja kwa mwezi, je, haji kwa sababu hana haja, au kwa sababu hana njia?

Basi sheria ipo tangu 2010, na ngazi zipo. Kasoro ni nini?

Twaona kasoro ni kwamba sheria hii haina mtu wa kuja mlangoni. Tazama wanaokuja kwa mwenye duka. Watu wa vipimo huja kuikagua mizani. Bwana afya huja kutazama choo na usafi, na akikuta hoteli ya chakula haina choo aweza kuifunga, wala hakuna amwonaye kuwa mkatili. Mkusanya ushuru naye huja. Huyo hahitaji kukumbushwa. Wote hao hupanda ngazi zile zile, huandika katika madaftari yao, hushuka na kwenda zao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeagizwa kuiandika ngazi yenyewe. Afisa ustawi wa jamii, ambaye kazi hii yaweza kuonekana kuwa yake, ana watoto wa mitaani, ana ugomvi wa ndoa, ana wazee wasio na ndugu. Sheria ile ilitaka ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijijini mpaka mkoani. Mahali zilipo na zinapokutana, kamati hizo zaweza kunung'unika kwa adabu. Haziwezi kumnyima mtu leseni.

Mataifa mengine yamepita njia hii kabla yetu, na si kila njia yao yatufaa. Huko Marekani, mwezi Machi 1990, watu wenye ulemavu walikusanyika Washington mbele ya jengo la Bunge. Wengine wakaviacha viti vyao vya magurudumu chini, wakazipanda ngazi za jengo lile kwa kutambaa, watunga sheria wapate kuona kwa macho. Mwezi Julai mwaka ule ule Rais George H. W. Bush akaitia sahihi sheria yao. Nguvu ya sheria hiyo kwa sehemu kubwa ni mashitaka: mwenye kuzuiwa mlangoni humpeleka mwenye duka mahakamani, naye mwenye duka hujenga kwa kuogopa wakili. Je, tumwambie mtu wa Lalago afanye hivyo? Atafute nauli ya kwenda Maswa, atafute mwanasheria, aahirishiwe kesi mara nne, na huenda akalikuta jengo la mahakama lenyewe lina ngazi. Haki ya namna hiyo ni ya mwenye fedha.

Jirani zetu wa Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2003, waliweka jambo jingine ambalo latupendeza zaidi. Baraza lao la Taifa la watu wenye ulemavu lilipewa uwezo wa kumpelekea mwenye jengo amri ya marekebisho: hati inayotaja jengo, inayotaja kasoro, inayosema lifanyike nini na kwa muda gani. Hatusemi kwamba Kenya imekwisha kuimaliza taabu hii. Twasema kwamba hati yenye jina la mtu na tarehe ya mwisho ni kitu kingine kabisa kuliko hotuba ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Watu wenye Ulemavu Duniani, ambayo kila mtu huipigia makofi kisha akarudi dukani kwake.

Kwetu hati hiyo haihitaji kubuniwa. Ipo, nayo huitwa leseni ya biashara. Kila mwenye duka la maana huiomba na huilipia kila mwaka, na kwa maduka kama ya Lalago halmashauri ndiyo itoayo. Wengine hutuambia kwamba mlango wa kufaa ni kibali cha ujenzi. Kibali ni chema kwa nyumba mpya, na hapo pasiwe na msamaha hata kidogo: mchoro usioonyesha njia ya mteremko usipigwe muhuri. Lakini kila mtu ajuaye miji yetu midogo ajua pia kwamba vyumba vingi vya maduka vilijengwa kabla ya mchoro wo wote kuonwa na mtu wo wote. Kibali hakitavipata. Leseni itavipata, maana mwenye duka atairudia mwakani apende asipende. Mwaka wa kwanza aandikiwe onyo pamoja na maelezo ya nini afanye. Mwaka wa pili, kama hakufanya wala hakuonyesha sababu, leseni ingoje. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo, nazo huutumia upesi sana pakiwa na ushuru wa kutoza. Zaweza kuutumia kwa jambo hili.

Sasa tuje kwenye gharama, maana hapo ndipo maneno mengi husemwa bila kupima. Kipimo kinachokubaliwa na mafundi katika nchi nyingi ni kwamba kila sentimita moja ya kuinuka yataka sentimita kumi na mbili za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 yahitaji mteremko wa mita 1.8, hiyo ni kazi ndogo ya mwashi na msaidizi wake. Lakini baraza iliyoinuka sentimita 45 yahitaji mita 5.4, na mwenye duka akiunyoosha mteremko huo mbele utafika barabarani katikati ya pikipiki. Basi wengi, wakiambiwa wajenge, hujenga mteremko mfupi ulio wima kama paa la nyumba. Huo hata mtu mzima wa miguu huteleza, na mwenye kiti cha magurudumu akiushuka atavunjika. Mteremko wa namna hiyo hujengwa kwa ajili ya mkaguzi tu, na ni heri pesa yake ingebaki mfukoni.

Njia iliyo bora ni kuulaza mteremko ubavuni, sambamba na ukuta wa baraza. Tena iko njia bora kuliko hiyo, na yatushangaza kwamba haitumiwi mara nyingi. Maduka yetu hujengwa kwa safu, yakigusana. Kama baraza zote za safu moja zingekuwa na kimo kimoja, bila kuta za kuzitenga, mteremko mmoja mwanzoni mwa safu ungeyatosha maduka manane au kumi, na kila mwenye duka angechangia mifuko michache tu ya saruji. Taabu ni kwamba kila mmoja amejenga kwa kimo chake. Huyu alimzidi jirani kwa tofali moja, na yule akamzidi huyu kwa mawili. Kwa hiyo hata mtu mwenye miguu mizima hushuka na kupanda, kushuka na kupanda, akitoka duka la dawa kwenda duka la pembejeo. Jambo hili haliwezi kumalizwa na mwenye duka mmoja. Ni kazi ya uongozi: mtendaji wa kata awaite wenye safu, fundi wa halmashauri apime, wakubaliane kimo. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji waliochaguliwa mwezi Novemba 2024 wana jambo la kufanya hapo lisilohitaji mfadhili.

Kwamba kujenga kwa kufikiri tangu mwanzo hakuleti taabu, tumekwisha kuona wenyewe. Mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, yalipoanza kazi mwezi Mei 2016, yalikuta vituo vilivyojengwa kwa kimo cha sakafu ya basi, na njia za mteremko za kuingilia. Abiria mwenye kiti cha magurudumu huingia pale alipoingia mwenye mkoba. Twajua mabasi hayo yana malalamiko mengine mengi, ya msongamano hasa, lakini mlango wake ulifikiriwa kabla saruji haijamwagwa.

Hatuombi kwamba mgambo watumwe kuwafukuza mama lishe na wauza nyanya. Kibanda cha miti hakina ngazi, na mara nyingi ndicho mahali pa pekee ambapo mtu mwenye magongo huhudumiwa kama wengine, uso kwa uso. Sheria ianze kwa wenye nguvu: maduka makubwa, hoteli, nyumba za wageni, mabenki na mawakala wao, maghala ya pamba. Anayeshindwa kabisa kujenga mwaka huu awe na ubao imara wa kulaza juu ya ngazi, na ashuke yeye mwenyewe na mizani yake. Wala aliyekwisha kujenga asidhani kazi imekwisha. Tumeona mteremko mzuri sana wenye vipimo vyote, na juu yake zimeegeshwa pikipiki tatu na kreti za soda.

Wasioona wana shida yao, ambayo haimalizwi na mteremko: mitaro iliyoachwa wazi mbele ya maduka, na bidhaa zilizopangwa njiani leo mahali ambapo jana palikuwa peupe. Fimbo nyeupe haiwezi kujua kwamba leo kuna majembe yaliyosimamishwa pale. Na asiyesikia, akifika zahanati mahali pasipo na mtu ajuaye lugha ya alama, huandikiwa dawa kwa kukisiwa. Habari hiyo ni ndefu na yastahili siku yake.

Sisi tuliosomeshwa na wamisionari twaikumbuka habari ya mtu aliyepooza wa Kapernaumu. Watu wanne walimchukua kitandani, wakafika, wakakuta mlango umezibwa na watu, wakapanda darini wakatoboa, wakamshusha kwa kamba. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kuisifu imani ya wale wanne. Hatukufundishwa kuuliza kwa nini wale waliosimama mlangoni hawakusogea. Tungefundishwa hilo, huenda makanisa yetu mengi yasingekuwa na ngazi ndefu kama yalivyo nazo. Na ndugu zetu Waislamu watatazama wenyewe misikiti yao.

Na sasa la kwetu. Gazeti hili ni la Chama, na Chama ndicho kilichoshika Serikali tangu kilipozaliwa mwaka 1977. Wabunge walioipitisha Sheria ya 2010 wengi wao walikuwa wetu. Madiwani wengi wanaokaa katika mabaraza ya halmashauri ni wetu. TANU ilifundisha kwamba binadamu wote ni sawa, na sisi tuliirithi imani hiyo pamoja na ofisi zake. Basi zitazameni ofisi hizo. Nyingi zilijengwa kwa nguvu za wananchi, kwa tofali za kuchoma na moyo mwema, nazo zina ngazi kama maduka, na hazina njia nyingine ya kuingilia. Mwanachama mwenye ulemavu alipaye ada yake hukaa chini ya mlingoti wa bendera akingoja aletewe habari ya mambo yaliyoamuliwa ndani. Wakati wa kampeni sisi humfuata mpaka nyumbani kwake, hata kama njia ni ya matope. Kura ikiisha kupigwa twamtaka apande mwenyewe.

Mwenye duka wa Lalago akiambiwa na diwani ajenge mteremko, ana haki ya kumwuliza diwani huyo ofisi ya Chama ya kata inaingilika vipi. Swali hilo si la upinzani. Tungekuwa sisi tungeliuliza.

Kwa hiyo twaomba mambo haya yaanzie kwetu. Kila ofisi ya Chama, kutoka tawi mpaka mkoa, katika Simiyu nzima, ipimwe, na isiyo na mteremko ijengewe kabla mtu mwingine hajaandikiwa onyo. Zifuate ofisi za kata na za vijiji, zahanati na shule. Kisha leseni. Na kamati za watu wenye ulemavu ziambatane na wakaguzi katika ukaguzi huo, si kwa kukaa kwenye kiti cha mgeni wa heshima, bali kwa sababu mtu ajuaye kama mteremko unafaa ni yule anayeupanda. Mhandisi apime kwa futi, naye apime kwa magurudumu yake. Wakitofautiana, asikilizwe wa pili.

Baraza la Madiwani la Maswa litakapokutana, twaomba diwani mmoja alilete jambo hili kama hoja: sheria ndogo ya leseni, yenye vipimo, yenye tarehe, na jina la afisa atakayeulizwa. Likikubaliwa tutalichapa hapa, na likikataliwa tutalichapa vile vile pamoja na sababu zilizotolewa.